Kupanga STP kwenye swichi za Cisco: chagua mzizi mwenyewe

Swichi mbili zikiunganishwa kwa kebo moja, hakuna hatari ya kitanzi. Shida ni kwamba siku kebo hiyo ikikatika, ghorofa nzima inakosa mtandao. Ukiongeza kebo ya pili kwa ajili ya akiba, umejitibu ugonjwa mmoja na kujitafutia mwingine. Fremu ya Ethaneti haina hesabu ya kupungua kila inapovuka kifaa, kama ilivyo kwa pakiti ya IP. Ombi moja la ARP (tangazo la kompyuta inayotafuta anwani ya mwenzake) likiingia kwenye duara la swichi tatu litazunguka, litazaa nakala, na nakala nazo zitazunguka, mpaka mtu achomoe kebo.

STP (Spanning Tree Protocol), itifaki ambayo swichi hutumia kuzuia vitanzi, inaacha kebo zote mbili mahali pake, inaifunga moja, na kuifungua ile nyingine inapokufa. Radia Perlman aliibuni mwaka 1985 akiwa Digital Equipment Corporation. IEEE, shirika la viwango, iliipitisha kama 802.1D mwaka 1990, na toleo la haraka, 802.1w, likafuata mwaka 2001. Hilo la haraka, RSTP, ndilo tutakalolitumia hapa.

Kwenye Catalyst, yaani swichi za Cisco, STP imewashwa tangu kiwandani, na hapo ndipo wengi wanapoishia. Mtandao unafanya kazi, taa ni za kijani, basi. Ila swichi zimejichagulia zenyewe kiongozi, anayeitwa mzizi, na kigezo walichotumia hakihusiani na uwezo wa kifaa wala mahali kilipofungwa.

Tutatumia mfano huu mpaka mwisho. Jengo lina swichi mbili za kati, KATI-A na KATI-B, zilizounganishwa kwa kebo mbili zilizofungwa pamoja kuwa Port-channel1. Kila ghorofa ina swichi moja ya porti 48: GHOROFA-1 na GHOROFA-2. Kila swichi ya ghorofa inatumia porti Gi1/0/47 kwenda KATI-A na Gi1/0/48 kwenda KATI-B. VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zile zile, ni 10 ya wafanyakazi, 20 ya simu, 30 ya kamera, na 99 ya usimamizi.

Kwanza, ujue ulichonacho

Chora ramani. Karatasi na kalamu zinatosha, ila kila kebo iandikwe porti inakotoka na porti inakoingia. Amri `show cdp neighbors` itakuonyesha majirani wa Cisco. Kwa vifaa vya kampuni nyingine tumia `show lldp neighbors`, baada ya kuwasha LLDP kwa `lldp run`. Usiamini ramani uliyoikuta ukutani ndani ya chumba cha raki. Mara nyingi ilichorwa kabla ya mtu wa kamera kupita.

Hifadhi usanidi wa sasa kwenye kila swichi kabla hujagusa chochote:

```
copy running-config flash:kabla-ya-stp.cfg
```

Kisha uliza nani ni mzizi:

```
show spanning-tree root
```

Amri hii inaorodhesha kila VLAN, kitambulisho cha mzizi wake, gharama ya kumfikia, na porti inayoelekea kwake. Kwenye swichi ambayo yenyewe ndiyo mzizi, gharama ni 0 na safu ya porti iko tupu. Ukikuta safu hiyo tupu kwenye swichi ndogo ya stoo, kazi yako imeshajitambulisha.

Uchaguzi unakwenda hivi. Kila swichi ina kitambulisho chenye sehemu mbili: kipaumbele na anwani ya MAC. Mwenye namba ndogo kabisa ndiye mzizi. Kipaumbele cha kiwandani ni 32768 kwa kila swichi, hivyo wote wanalingana na MAC ndiyo inayoamua. Watengenezaji kwa kawaida hugawa anwani zao kwa kupanda, kwa hiyo MAC ndogo mara nyingi ni ya kifaa cha zamani zaidi. Matokeo yake ni kwamba swichi ya zamani yenye porti za Mbps 100, ile iliyobaki kwenye kona kwa sababu printa bado imechomekwa humo, inaweza kuwa ndiyo inayoamua trafiki ya jengo zima ipite wapi. Njia zote huhesabiwa kutoka kwa mzizi. Mzizi ukikaa pabaya, kebo nzuri ya Gbps 1 kati ya swichi za kati inaweza kufungwa huku trafiki ikibanwa kwenye njia nyembamba. Watumiaji watalalamika kwamba mtandao ni mzito, nawe hutaona kosa lolote kwenye logi, maana kwa mujibu wa STP hakuna kosa.

Hatua ya 1: washa toleo la haraka kila mahali

Swichi za karibuni huja na `rapid-pvst`, yaani RSTP kwa kila VLAN. Za zamani huja na `pvst`, ambayo ni 802.1D ya kale kwa kila VLAN. Tofauti yake utaiona kebo inapokatika. Toleo la kale husubiri sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, jumla 30, na likilazimika kwanza kungoja taarifa za zamani ziishe muda wake huongeza 20 na kufika 50. Toleo la haraka kwa kawaida humaliza chini ya sekunde moja kiungo chenyewe kikizimika, na huchukua takriban sekunde 6 ikiwa kiungo bado kinawaka lakini jumbe tatu za STP mfululizo zimekosekana.

```
configure terminal
 spanning-tree mode rapid-pvst
 spanning-tree extend system-id
end
```

Fanya hivi nje ya saa za kazi. Kubadilisha aina ya STP huanzisha upya hesabu zote kwenye swichi husika, na ghorofa itapoteza mtandao kwa sekunde kadhaa hadi nusu dakika. Huhitaji kubadilisha swichi zote kwa wakati mmoja. RSTP ikisikia jirani anayezungumza lugha ya kale kwenye porti fulani, hushuka na kuzungumza naye hivyo hivyo kwenye porti hiyo. Ukishamaliza zote, ziambie zijaribu tena lugha mpya:

```
clear spanning-tree detected-protocols
```

Amri ya `extend system-id` huwa imewashwa tayari kwenye mashine nyingi. Inaingiza namba ya VLAN ndani ya kipaumbele, na ndiyo sababu VLAN 1 huonyesha 32769 badala ya 32768. Pia ndiyo sababu kipaumbele hukubali tu namba zinazogawanyika kwa 4096: 0, 4096, 8192, na kuendelea hadi 61440. Ukiandika 5000 swichi itakukatalia na kukupa orodha ya namba halali.

Hatua ya 2: teua mzizi na naibu wake

Kwenye KATI-A:

```
spanning-tree vlan 1,10,20,30,99 priority 4096
```

Kwenye KATI-B:

```
spanning-tree vlan 1,10,20,30,99 priority 8192
```

Swichi za ghorofa ziache na 32768 yake. Tumeanza na 4096 badala ya 0 ili ibaki nafasi moja chini. Siku utakapohamishia uongozi kwenye swichi mpya, utaipa 0, utaangalia kila kitu kimetulia, kisha ndipo utaiondoa ya zamani.

Vitabu vingi vinafundisha `spanning-tree vlan 10 root primary`. Inafanya kazi, lakini watu huielewa vibaya. Wakati unapoiandika, swichi inaangalia mzizi wa sasa. Kama kipaumbele cha mzizi huyo ni kikubwa kuliko 24576, inajipa 24576. Kama sivyo, inajipa 4096 chini ya namba ya aliyeshinda. Baada ya hapo haiangalii tena. Mtu akileta kesho swichi yenye namba ndogo zaidi, uongozi unaondoka na amri yako haina la kusema. Andika namba mwenyewe. Anayesoma usanidi miaka mitatu ijayo ataelewa mara moja nani alikusudiwa kuwa wa kwanza na nani wa pili.

Je, ugawe VLAN, nusu mzizi wake A na nusu B, ili kebo zote zitumike? Inawezekana, na kwenye jengo kubwa ina faida. Kwa ofisi ya swichi nne tunapendelea zote zikae A. Ukigawa, kila tatizo utalichunguza mara mbili, na kebo za Gbps 1 hazijajaa hata robo. Jambo la lazima ni moja: mzizi wa VLAN ukae swichi ile ile yenye geti la VLAN hiyo, yaani njia yake ya kutoka nje. Kama HSRP (itifaki ya Cisco ya geti lenye akiba) inaendesha geti kwenye KATI-A huku mzizi uko KATI-B, kila pakiti ya kutoka nje itapanda B, itavuka kwenda A, na Port-channel1 itabeba mzigo usio wa lazima.

Sasa angalia kutoka GHOROFA-1:

```
GHOROFA-1# show spanning-tree vlan 10

VLAN0010
  Spanning tree enabled protocol rstp
  Root ID    Priority    4106
             Cost        4

Interface        Role Sts Cost   Prio.Nbr Type
Gi1/0/5          Desg FWD 4      128.5    P2p
Gi1/0/47         Root FWD 4      128.47   P2p
Gi1/0/48         Altn BLK 4      128.48   P2p
```

4106 ni 4096 jumlisha VLAN 10. Porti ya 47 ndiyo njia ya kwenda kwa mzizi, ya 48 ni akiba na imefungwa. Usishtuke kuona BLK; hapo ndipo ulipotaka kitanzi kikatwe. Kitu cha kukushtua ni safu ya mwisho ikiandika `Shr` badala ya `P2p` kwenye kebo ya swichi kwa swichi. Maana yake porti imeshuka kuwa nusu-dupleksi (inatuma na kupokea kwa zamu), kwa kawaida kwa sababu upande mmoja umefungiwa kasi kwa mkono na mwingine umeachwa ujipatanishe wenyewe. Kwenye kiungo cha aina hiyo RSTP haiwezi kupatana haraka na jirani na hurudia kusubiri sekunde 30. Rekebisha kasi na dupleksi pande zote mbili kwanza.

Kuhusu gharama: kwa hesabu fupi, Mbps 10 ni 100, Mbps 100 ni 19, Gbps 1 ni 4 na Gbps 10 ni 2. Hesabu hiyo haina nafasi ya kutosha kwa kasi kubwa zaidi ya hapo. Kama una viungo vya Gbps 10 na 40 kwa pamoja, tumia `spanning-tree pathcost method long`, ambapo Gbps 1 ni 20000 na Gbps 10 ni 2000. Ila uiweke kwenye swichi zote usiku mmoja. Swichi yenye hesabu ndefu katikati ya zenye hesabu fupi huonekana ghali kupita kiasi, na trafiki itaikwepa.

Hatua ya 3: porti za watumiaji

Hapa ndipo vitanzi vingi vinapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Porti inayokwenda kwenye kompyuta, hata chini ya RSTP, hupita sekunde 30 kabla ya kufunguka. Swichi hutuma pendekezo, na kompyuta haijui kulijibu. Kompyuta ya kisasa huwaka na kuomba anwani ya DHCP kabla ya muda huo kuisha, inakosa jibu, na mtumiaji anakupigia simu akiwa na anwani ya 169.254, ile kompyuta hujipa yenyewe ikikosa DHCP. PortFast inaiambia swichi kwamba huku hakuna swichi nyingine, fungua mara moja. Faida yake ya pili haizungumzwi sana. Porti yenye PortFast haitoi taarifa ya badiliko la mtandao inapozimika au kuwaka. Bila PortFast, kila laptopu inayofunguliwa hupeleka taarifa kwenye VLAN nzima, swichi zinafuta anwani za MAC zilizojifunza, na trafiki inamwagwa kwenye kila porti mpaka zijifunze upya.

```
interface range GigabitEthernet1/0/1 - 44
 switchport mode access
 switchport access vlan 10
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
 storm-control broadcast level 1.00
 storm-control action trap
```

Kwenye programu mpya za IOS XE amri huandikwa `spanning-tree portfast edge`. Bonyeza alama ya kuuliza uone yako inataka ipi. Porti ya tranki (inayobeba VLAN nyingi kwa pamoja) inayokwenda kwenye seva yenye mashine pepe inahitaji neno `trunk` mwishoni, la sivyo PortFast haitafanya kazi hapo hata ukiiona kwenye usanidi.

BPDU Guard ndiyo mlinzi. BPDU ni ujumbe ambao swichi hutumiana kila sekunde 2, na kompyuta haina sababu ya kuutuma. Ukifika kwenye porti ya mtumiaji, ama kuna mtu kaleta swichi, ama ujumbe wako mwenyewe umezunguka na kukurudia. Fikiria kiswichi cha porti tano kilichofichwa chini ya meza. Mfagizi anaona kebo imelegea sakafuni, anaichomeka kwenye tundu lililo wazi kwa nia njema, na sasa kebo ile ile ina ncha zote mbili kwenye kiswichi kile kile. BPDU iliyotoka Gi1/0/12 inaingia humo, inazunguka, inarudi Gi1/0/12, na swichi inaizima porti:

```
%SPANTREE-2-BLOCK_BPDUGUARD: Received BPDU on port Gi1/0/12 with BPDU Guard enabled. Disabling port.
%PM-4-ERR_DISABLE: bpduguard error detected on Gi1/0/12, putting Gi1/0/12 in err-disable state
```

Meza moja imekosa mtandao, jengo zima limepona. Simu ya mezani yenye matundu mawili nyuma ni mkosaji mwingine wa kila siku: tundu la kompyuta na tundu la mtandao yote yanachomekwa ukutani.

Kwa nini basi tumeongeza storm-control? Kwa sababu baadhi ya viswichi vya bei nafuu hutupa BPDU badala ya kuzipitisha. Kitanzi kipo, lakini ujumbe haurudi, hivyo mlinzi hana cha kuona. Asilimia 1 ya porti ya Gbps 1 ni Mbps 10 za matangazo, kiasi ambacho kompyuta moja ya ofisi haifiki katika siku ya kawaida. Kinachozidi hapo kinatupwa.

Porti ikizimwa na BPDU Guard, nenda kwenye meza, ondoa kebo, kisha andika `shutdown` halafu `no shutdown`. Unaweza kuifanya ijifungue yenyewe:

```
errdisable recovery cause bpduguard
errdisable recovery interval 300
```

Kwa tawi la mbali ambako hakuna fundi, hii inakuokoa safari. Kwenye jengo ulilomo mwenyewe ni afadhali usiiweke, mtu akupigie simu na wewe ukaione ile meza. Ikijifungua kila dakika tano na kujifunga tena, mtumiaji atasema mtandao unakuja na kupotea, nawe utatafuta kosa kwingine.

Kuna amri moja ya kukaa nayo mbali: `spanning-tree bpdufilter enable` ndani ya porti. Inazuia BPDU kutoka na kuingia, yaani umeizima STP hapo kimyakimya. Ikiwekwa pamoja na BPDU Guard kwenye porti moja, filta ndiyo inayoshinda na mlinzi hapati habari. Huwa inaingizwa na mtu aliyechoka kuona porti inazimika, na baada ya hapo kweli haizimiki tena.

Hatua ya 4: ulinzi wa njia za juu

Kwenye KATI-A, porti zinazoshuka ghorofani zisikubali kamwe kwamba mzizi uko chini:

```
interface range GigabitEthernet1/0/1 - 2
 spanning-tree guard root
```

Sasa mtu akichomeka kule ghorofani swichi yenye kipaumbele 0, KATI-A itaifungia porti hiyo katika hali ya `root-inconsistent` mpaka ujumbe huo ukome, kisha itaifungua yenyewe.

Usiinakili amri hii kwenye porti za KATI-B zinazoshuka ghorofani. Port-channel1 ikifa, KATI-B itabaki na njia moja tu ya kumfikia mzizi, nayo inapita swichi ya ghorofa. Ujumbe wa mzizi utafika kutokea chini, ulinzi utauona kama uvamizi, na KATI-B itajitenga na mtandao katika saa ile ile uliyomhitaji naibu.

Kwenye swichi za ghorofa, njia za kupanda zinataka ulinzi wa aina nyingine:

```
interface range GigabitEthernet1/0/47 - 48
 switchport mode trunk
 switchport trunk allowed vlan 1,10,20,30,99
 spanning-tree guard loop
```

Porti ya akiba imefungwa kwa sababu inasikia BPDU. Ikiacha kuzisikia huku kiungo bado kinawaka, itadhani njia ni huru na itajifungua. Kwenye faiba hilo hutokea uzi mmoja kati ya viwili unapokufa: unatuma lakini hupokei. Loop guard huifungia porti hiyo kama `loop-inconsistent`. Kwa faiba ongeza pia `udld port aggressive`, inayogundua kiungo cha upande mmoja, pande zote mbili. Root guard na loop guard haziwezi kukaa pamoja kwenye porti moja. Chagua kulingana na upande porti inakoelekea.

Kebo mbili za Port-channel1 zifungwe kwa LACP, itifaki ambayo pande mbili hupatana kwanza, `channel-group 1 mode active` pande zote. Aina ya `on` haiulizi upande wa pili. Upande mmoja ukiwa umefungwa na mwingine haujafungwa, swichi huona zile ni kebo mbili tofauti, na ukibahatika utapata kosa la `channel-misconfig`.

Vipima muda, yaani sekunde 2, 15 na 20, viache vilivyo. Vilihesabiwa kwa mtandao usiozidi swichi 7 kutoka ncha hadi ncha. Mwezi Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston ilirudi kwenye karatasi kwa siku kadhaa baada ya mtandao wake kukua kupita kipimo hicho na STP kushindwa kutulia. Ukijikuta unahitaji kurefusha vipima muda, mtandao wako unahitaji ruta katikati.

Hatua ya 5: jaribu kabla ya kuondoka

Washa `ping` endelevu kutoka kompyuta ya GHOROFA-1 kwenda geti. Chomoa Gi1/0/47. Unatarajia kupoteza jibu moja au mawili, na `show spanning-tree vlan 10` ionyeshe Gi1/0/48 imekuwa `Root FWD`. Ukipoteza majibu 30, kuna mahali bado ni toleo la kale au kiungo ni `Shr`. Irudishe kebo, ungoje itulie, kisha zima KATI-A kabisa uone B ikishika uongozi.

Jaribio hilo litakuonyesha jambo la umeme pia. KATI-A ikirudi, inachukua uongozi tena papo hapo inapomaliza kuwaka, na Catalyst 9300 huchukua dakika kadhaa kuwaka. Mahali ambapo umeme hukatika mara mbili kwa siku, swichi ya kati isiyo na UPS inabadilisha mzizi mara nne. Betri ya KATI-A ina thamani kuliko ya seva ya mafaili.

Jaribu mlinzi vilevile: chukua swichi ya ziada, ichomeke Gi1/0/5, thibitisha kwa `show interfaces status err-disabled`. Halafu `copy running-config startup-config` kwenye kila swichi. Ni jambo la kusikitisha ni mara ngapi kazi ya usiku mzima hupotea kwa kusahau mstari huu.

Yanayoharibika baadaye

*Mtandao unakwama sekunde chache, mara kwa mara.* Hesabu mabadiliko:

```
show spanning-tree detail | include ieee|occurr|from|is exec
```

Itakuambia mabadiliko ni mangapi kwa kila VLAN, la mwisho lilikuwa lini, na liliingilia porti ipi. Kama porti hiyo inakwenda swichi nyingine, ingia swichi hiyo, rudia amri, fuata mpaka ufike mwisho. Kwa kawaida utakuta porti ya kompyuta isiyo na PortFast, au kebo inayolegea.

*Porti ya tranki inaandika `BKN*` na `PVID_Inc`.* VLAN isiyo na lebo haifanani pande mbili: huku 1, kule 99. Zilinganishe, porti itajifungua.

*VLAN moja tu haina akiba.* Angalia orodha ya `allowed vlan` kwenye tranki zote. Mtu aliongeza VLAN 40 kwenye 47 akaisahau kwenye 48. Kosa la kawaida zaidi ni kuandika `switchport trunk allowed vlan 40` bila neno `add`, na hapo VLAN nyingine zote zinafutwa kwenye tranki.

*Umeongeza VLAN nyingi, nyingine hazina STP kabisa.* PVST huendesha hesabu moja kwa kila VLAN, na swichi nyingi za ghorofani zina kikomo cha 128. Zinazozidi hubaki bila ulinzi. Ondoa VLAN zisizotumika kwenye swichi hiyo, au hamia MST, inayoweka VLAN nyingi kwenye hesabu moja.

*Kuna MikroTik katikati.* Daraja (bridge) la kifaa hiki cha kampuni nyingine huja na RSTP moja kwa VLAN zote, haijui PVST. Itaelewana na Cisco kupitia VLAN 1 isiyo na lebo, ndiyo sababu tumeiacha kwenye tranki na kuipa kipaumbele pia. Kwenye MikroTik kipaumbele huandikwa kwa heksa: 0x8000 ni 32768. Kiache hapo, kisiwe mzizi.

Dhoruba ikiwa imeshaanza

Utaijua kwa macho. Taa za porti zote zinapepesa kwa pamoja, haraka, kama zimeshikwa na kitu kimoja, simu zimekatika, SSH haiingii. Logi, ukiipata kwa kebo ya konsoli, imejaa `MACFLAP_NOTIF`, anwani moja ikionekana porti hii na ile kwa zamu.

Usizime na kuwasha swichi. Kitanzi kitakusubiri, na logi zitakuwa zimepotea. Nenda swichi ya kati, chomoa njia za ghorofani moja baada ya nyingine, ukitazama taa. Kumbuka kila ghorofa ina kebo mbili, kwa hiyo chomoa ile ya KATI-B nayo. Taa zikitulia, kitanzi kiko ghorofa uliyoichomoa mwisho. Panda huko na kebo ya konsoli, soma porti zilizotajwa kwenye MACFLAP, zifungie kwa `shutdown`, na ufuate kebo kwa mkono hadi mezani. Kisha rudisha kebo za kati moja moja, ukingoja nusu dakika kati ya moja na nyingine, na kila mara uangalie `show spanning-tree root` bado inamtaja KATI-A kabla ya kuchomeka inayofuata.